Jino la Mshingantahe

Ancilla alikuwa na dharau ya kutosha kuilisha kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale, na ingebaki ya kuwapelekea majirani. Aliwadharau wanaume wanaoshinda kwenye bao, aliwadharau wanawake wanaolia msibani kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, na Kiswahili cha wenyeji wa Uganda alikidharau kana kwamba chake kimetoka Unguja. Lakini hakuna aliowadharau kama watu wanaoogopa kung'olewa jino. Pale sokoni Base Camp, alipouzia dagaa, akimwona mtu amejifunga kitambaa shavuni alimwita kwa sauti mbele ya wateja, "Wewe, hilo jino unamtunzia nani? Dawa ya jino bovu ni kung'oa!" Mwenye jino alicheka kwa upande mmoja wa mdomo akaenda zake, na dagaa akanunua kwa mwingine.

Sasa Mungu, ambaye naye ana utani wake, alimpa Ancilla mdogo wake Venuste, na Venuste akampa jino bovu.

Venuste hakuwa mtu wa kuchezewa. Huko kwao Burundi alikuwa amevishwa ushingantahe, yaani alikuwa mmoja wa wale watu wazima wanaoamua magomvi ya majirani na ambao neno lao halirudiwi. Hata huku ukimbizini, watu wakigombania mpaka wa shamba la maharage walipelekana kwake. Alikaa, akasikiliza, akasema machache kwa Kirundi kitamu, na ugomvi ukaisha. Tatizo ni kwamba hakuwa na lugha nyingine zaidi ya hicho Kirundi. Alipokuwa na shida ofisini, polisi au zahanati, Ancilla ndiye aliyemsemea. Kazi hiyo aliifanya kwa kiburi kikubwa: maneno ya mdogo wake yaliyomwonekea ya ziada aliyakata, na yaliyopungua aliyaongeza, kama apimavyo dagaa wake.

Na mtu huyu mzito, mwamuzi wa watu, aliogopa madaktari wa meno kama mbuzi anavyoogopa mvua. Mara ya kwanza waganga wa meno walipokuja Base Camp alipanga foleni vizuri, kisha akaanza kuwapisha wengine mbele yake, mmoja mmoja, kwa adabu nyingi, hadi akajikuta mwisho, na kutoka mwisho akaendelea kurudi nyuma hadi akaingia kwenye mahindi. Mara ya pili alifika hadi kwenye kiti chenyewe. Akaliona koleo. Akasimama, akampa kila aliyekuwemo mkono wa kwaheri, akamshukuru daktari kwa kazi nzuri, akaenda nyumbani. Ancilla aliyasimulia hayo sokoni kwa muda mrefu, na aliigiza hata ile mikono ya kwaheri.

Wakati huo shavu lilikuwa linavimba. Venuste alisukutua maji ya chumvi, akaweka karafuu, akaweka tumbaku, akanywa mizizi aliyopewa na mtu mmoja wa Endiinzi, mji wa jirani, ambaye kazi yake hasa ni kutibu ng'ombe. Shavu likazidi kukua mpaka jicho la upande ule likaanza kupotea.

Yote yangebaki kuwa kichekesho tu, kama si Doriane. Doriane alikuwa binti wa Ancilla, na Jumamosi ilikuwa siku ya kupokea mahari yake. Mtu asiyewajua Warundi atadhani mahari ni ng'ombe na vinywaji. Mahari ni maneno. Msemaji wa waoaji anasimama anasifu na kuchokoza, msemaji wa waozaji anasimama anajibu, na ukoo ambao msemaji wake ameshindwa husimangwa hadi wajukuu. Upande wa baba yake Doriane hakubaki mtu. Upande wa Ancilla alikuwepo Venuste peke yake. Na waoaji walikuwa wanamleta Onesphore, mtu ambaye ulimi wake uliwahi kumchanganya msemaji wa ukoo mmoja mpaka akasahau jina la binti aliyekuwa akimtoa. Venuste asiposema, ingebidi wamtafute mtu baki wa kuwasemea, na watu wangesema ukoo wa Ancilla huazima mdomo kama wengine wanavyoazima kiberiti. Ancilla alijua watasema hivyo kwa sababu, kama ungekuwa ukoo mwingine, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kusema.

Jumatano Venuste alijaribu hotuba yake. Yaliyotoka mdomoni yalikuwa kama maharage yanayochemka sufuriani. Doriane akaingia ndani akalia.

Basi Ancilla akamkokota mdogo wake zahanati, na wa zahanati wakasema jino limeoza hadi mzizini na usaha umejaa, waende Mbarara. Huko, mtaa wa Kakiika, yupo daktari mwenye subira na wagonjwa wenye hofu.

"Yaani daktari wa waoga," Ancilla alisema. "Kumbe wana wa kwao."

Alhamisi wakaenda. Ancilla alitarajia mahali penye harufu ya dawa na watu wanaopiga kelele, kama inavyofaa. Alikuta nyumba ya kawaida yenye maua barazani, na ndani muziki wa chini unaimba peke yake. Kwenye kiti cha mgonjwa pametandikwa blanketi safi. Ukutani, mahali ambapo mgonjwa akilala ndipo macho yanapoangukia, imebandikwa picha ya ng'ombe wenye pembe ndefu wanakunywa maji. Mapokezi alikaa msichana wa Kikongomani aitwaye Chantal, mzaliwa wa Uvira, ambako Kirundi huvuka mpaka kila siku pamoja na nyanya na vitunguu. Alimkaribisha Venuste kwa Kirundi, na Ancilla hakupenda. Mkalimani alishakuwepo, naye ni yeye.

Daktari mwenyewe alikuwa mama mnene wa Mbarara aitwaye Miriamu, mwenye mtandio wa maua na mwendo wa mtu asiye na haraka na dunia. Aliingia mikono mitupu. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko Venuste, akamsalimia, akauliza habari za safari, za mvua, za mashamba. Ancilla alitafsiri huku akisonya moyoni. Huyu amekuja kung'oa jino au kuposa?

"Nyabo, uliza muzee," daktari alisema kwa Kiswahili chake cha Mbarara, nyabo ikiwa ndiyo mama kwa lugha ya kwao. "Yeye naogopa nini zaidi? Sindano? Kelele ya mashine? Damu? Akisema, mimi najua namna ya kusaidia yeye."

Ancilla hakumwuliza. "Haogopi kitu, muganga. Huyu ni mutu mukubwa kwetu."

"Kila mutu iko na kitu anaogopa."

"Huyu hana. Ng'oa tu."

Venuste alimgeukia dada yake. "Anasemaje?" aliuliza kwa Kirundi.

"Anasema ufungue mdomo."

Venuste akafungua mdomo. Daktari akacheka kidogo, akamwambia bado, afunge. Akaanza kumwonyesha vyombo. Kioo kidogo akamwekea kiganjani akishike mwenyewe. Bomba la hewa akampulizia kwanza kwenye mkono, ajue ni hewa tu. Kila kitu kabla ya kuingia mdomoni kilipita kwanza mkononi mwa Venuste, na mabega ya Venuste, yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni, yakaanza kushuka. Ancilla aliyaona yakishuka, na badala ya kufurahi akaudhika. Mtu mzima anachezeshwa vidoli! Jino ni la kubembelezwa tangu lini?

"Sasa hii ndiyo ya maana kabisa," daktari alisema. "Ambia muzee: hapa yeye ndiyo mukubwa, siyo mimi. Akisikia uchungu, hata kidogo, anainua mukono ya kushoto. Mimi nasimama pale pale. Ya kulia hapana, mimi niko upande hii, itanigonga."

Ancilla alidhani hakusikia vizuri. Mkono wa kushoto! Kwao hata kikombe cha maji humpi mtu kwa mkono wa kushoto, na huyu mama anataka mshingantahe aunyooshe juu mbele ya wanawake, kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa kwenda kujisaidia. Habari hiyo ikifika Nakivale itafika kwa Onesphore, na Onesphore hakosi kuinua mkono wa kushoto Jumamosi mbele ya wageni wote. Hapana. Neno hilo Ancilla alilikata, kama alivyokata mengine mengi.

"Anasema ukisikia maumivu uvumilie," alimwambia mdogo wake kwa Kirundi. "Mikono uiweke tumboni, usiitikise. Usinitie aibu."

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Venuste akaweka mikono tumboni, akatazama ng'ombe.

Sindano ikapigwa, wakangoja. Lakini ufizi uliojaa usaha hauishiki ganzi vizuri, na Daktari Miriamu alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale ndani. Ndiyo maana alianza polepole, jicho moja kwenye jino na jicho moja kwenye ule mkono wa kushoto, kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Akagusa. Mkono ukatulia. Akabonyeza. Mkono ukatulia. Akasema moyoni, alhamdulillahi, ganzi imeshika. Akalishika jino kwa koleo, akaanza kulitikisa.

Machozi ya Venuste yalitoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni. Mkono wa kulia ulikuwa umeukamata wa kushoto mpaka kucha zikageuka nyeupe. Hakutoa sauti. Ancilla, amesimama miguuni pake, alijaa fahari ambayo hakuwa ameisikia miaka mingi. Kumbe ni mwanaume! Kumbe alihitaji tu kuambiwa! Tena akaanza kutunga jinsi atakavyolisimulia sokoni, kwamba mdogo wake aling'olewa jino akiwa ametulia kama yuko kanisani.

Lakini taya halikuwahi kula kiapo cha ushingantahe. Lilivumilia lilivyoweza, kisha likafanya uamuzi wake lenyewe, likafunga. Kidole cha daktari kilikuwa ndani.

"Banange!"

Daktari alipiga ukelele kwa lugha ya kwao, na koleo likaanguka sakafuni. Chantal akaja mbio. Alimkuta daktari ameshika kidole chake, glovu imepasuka, na Venuste ameketi wima, damu kidevuni, anaomba radhi kwa lugha ambayo daktari haijui.

Daktari Miriamu hakumkaripia. Alivua glovu, akanawa, akakitazama kidole, akarudi kwenye kigoda chake. "Muzee," alisema, "kwa nini haukuinua mukono?"

Ancilla akafungua mdomo atafsiri.

"Wewe ngoja. Chantal, uliza wewe."

"Mzee," Chantal alimwuliza kwa Kirundi, "daktari anauliza mbona hukuinua mkono, ili asimame."

Venuste alimtazama binti yule, kisha akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo anaiona leo. "Mkono upi?" alisema.

Chumba kizima kikamgeukia Ancilla. Hata ule muziki wa chini ulionekana kungoja jibu.

"Mama," Chantal alisema, "haukumwambia? Docteur anasemaka ile neno kwa kila mugonjwa. Hata batoto badogo banaijua. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia avumilie."

"Jino ni ya kwako?"

"Kwetu mutu mukubwa hawezi kuinua mukono wa kushoto mbele ya watu. Ni haya."

"Na kuuma kidole ya docteur, ile haiko haya?"

Daktari alimwambia Chantal amwulize mgonjwa lile swali la mwanzo, ambalo hakuwahi kulisikia: anaogopa nini zaidi. Venuste alijifuta damu kidevuni, akaketi jinsi anavyoketi kabla ya kuamua kesi.

"Maumivu nayajua," alisema. "Naogopa kushikwa na kutendewa jambo nisiloulizwa. Nilipokuwa mtoto walinikata kilimi, hiki kinyama cha kooni. Sikuambiwa kitu. Mama alinishika kichwa, na huyu," akamwonyesha dada yake kwa kidevu, "akanikalia miguu."

"Mtoto gani hakukatwa kilimi?" Ancilla alilipuka. "Wote tulikatwa! Mbona mimi siogopi?"

Chantal alimtafsiria daktari maneno ya Venuste yote, na hayo ya Ancilla akayaacha.

"Nyabo," Daktari Miriamu alisema, tena kwa upole, na upole ndio uliouma, "wewe nenda keti inje."

Basi Ancilla akaketi barazani kwenye maua, yeye na dharau yake. Mlango haukufungwa vizuri. Alisikia Kirundi cha Chantal kikieleza jambo, taratibu, tangu mwanzo. Alisikia kimya cha sindano nyingine. Kisha akasikia daktari akisema, "Nimesimama, muzee." Punde, tena, "Eh, nimesimama." Na mara ya tatu daktari akasema hivyo huku anacheka, maana hakuwa amegusa kitu bado. Mshingantahe alikuwa anaijaribu sheria kama kweli inafanya kazi. Halafu Venuste naye akacheka, kicheko cha upande mmoja, lakini kicheko. Ancilla alijaribu kukumbuka ni lini yeye mwenyewe alimchekesha mtu huyu, akaacha kukumbuka.

Jino lilitoka bila kelele. Chantal alimletea Ancilla kuliona, jeusi, kwenye pamba.

Venuste aliuma kitambaa cha pamba na kukatazwa kuzungumza hadi damu ikate. Safari yote ya kurudi Ancilla ndiye aliyesema. Alianza kwa kumgombeza: mtu gani anamuuma daktari? Akaja na utani: angalau kidole kilikuwa na ladha gani? Walipokaribia nyumbani akawa anazungukazunguka jirani na neno samahani, kama kuku anayezunguka mlango wa jikoni, asiingie. Venuste aliangalia migomba nje.

Jioni pamba ikatoka. Maneno hayakutoka. Ijumaa Ancilla alimpelekea uji wa mtama. Akaupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanywa. Ancilla alijiambia kidonda bado kinamsumbua. Kisha, akirudi kutoka kisimani, alimsikia nyuma ya ua akiamua kesi ya mbuzi aliyekula nguo za watu, na sauti ilikuwa safi, kila neno mahali pake. Basi kidonda hakikuwa na kosa.

Hapo ndipo Ancilla alipoogopa. Aliogopa vizuri kabisa, vile vile walivyoogopa wale aliowacheka sokoni. Kesho wageni watakaa, Onesphore atasimama, na huyu atainuka au hatainuka? Aliingia uani kwa Venuste saa ya magharibi.

"Kesho utasema?"

Venuste aliinua kichwa. "Kesho nitasema," alijibu.

Jibu hilo halikumpa usingizi.

Jumamosi turubai likafungwa, pombe ya ndizi ikasambazwa, na waoaji wakaingia kwa maringo. Onesphore alisimama akasifu ukoo wake mpaka ng'ombe zao wakajaa kutoka Endiinzi hadi ufukwe wa Ziwa Nakivale, wanasukumana kwa kukosa nafasi. Watu wakapiga makofi. Kisha Venuste akainuka. Shavu lilikuwa bado na uvimbe kidogo. Ancilla akashika kiti.

"Ng'ombe zako tumewasikia," Venuste alisema, bila kupandisha sauti. "Ni wengi sana kwa masikio. Sasa macho nayo yana njaa."

Turubai lote likapasuka kwa kicheko. Onesphore alijibu, Venuste akamjibu. Onesphore akatega, Venuste akategua. Na mwishoni Onesphore mwenyewe akainua kikombe akakiri kwamba leo amekutana na mtu. Doriane alikuwa anang'aa. Ancilla alisikia kifua kinapanuka, na akaanza kuwatazama majirani mmoja mmoja, ili ajue ni nani anaona.

Kisha, kama desturi inavyotaka, Venuste akawatambulisha wa nyumba ya binti. Akamtaja marehemu baba yake Doriane, watu wakainamisha vichwa. Akafika kwa Ancilla, akamwomba asimame.

"Huyu ni dada yangu, mama wa binti. Tangu tulipofika nchi hii, yeye ndiye amekuwa mdomo wangu. Kila ofisi niliyoingia, yeye alinijibia."

Wakampigia makofi. Ancilla akainamisha macho, kama mtu anayestahili.

"Lakini juzi Mbarara nimepona mdomo. Kuanzia leo mwenye neno nami aje kwangu, nikikosa lugha nitamtafuta mkalimani. Na huko nyuma, kwenye hizo ofisi zote, akiwepo anayejua nilijibu nini, naomba aniambie. Hata mimi ningependa kujua."

Watu walicheka sana. Walidhani ni uchokozi wa msemaji aliyeshinda, na Onesphore alicheka kuliko wote hadi akamwaga pombe. Ancilla naye alicheka, kwa kuwa macho yote yalikuwa juu yake na hakuwa na namna nyingine. Alimtazama mdogo wake. Venuste hakuwa anacheka. Alikuwa amemkazia macho, kwa utulivu, kama anavyomkazia mtu anayengojewa kujibu.

Ancilla akaketi. Onesphore alisogea karibu, bado anafuta ndevu, akamnong'oneza, "Mama, hapo mwishoni mzee alimaanisha nini?"

Ancilla alifungua mdomo amjibie mdogo wake, akaufunga. "Muulize mwenyewe," alisema.